Dalili za kiharusi uzijue mapema, na namna ya kuzuia kisirudi mara ya pili

Kwanza kabisa niseme hivi, mtu wa kwanza kukiona kiharusi sio daktari, ni wewe uliye nyumbani, mke, mtoto, dada wa kazi, au fundi mwenzake pale gereji. Na kisirudi tena, kazi kubwa inabaki kwenu hapo hapo nyumbani, kwasababu daktari mnamuona mara moja kwa mwezi au hata miezi mitatu, siku zingine zote mgonjwa yuko na nyie. Mi kazi yangu ni mazoezi ya viungo, nawapokea watu kiharusi kikiwa kimeshapita, na wanaoniumiza roho kuliko wote ni wale wanaorudi. Mtu mmehangaika nae mpaka ameanza kwenda chooni mwenyewe na fimbo yake, baada ya miezi kadhaa analetwa tena kwenye machela, safari hii ule upande uliokuwa mzima nao umelegea. Wengi wa hao ukiuliza vizuri unakuta dawa za presha ziliachwa kimya kimya. Ndo maana naandika kwa urefu, naomba usome mpaka mwisho.

Kiharusi ni sehemu ya ubongo kukosa damu ghafla. Kinakuja kwa njia mbili, ama mshipa unaziba kwa damu iliyoganda, ama mshipa unapasuka damu inavujia ndani ya ubongo. Duniani vingi ni vya kuziba, ila huku kwetu Afrika vya kupasuka ni vingi kuliko Ulaya, na mchawi mkuu hapo ni presha ambayo haikutibiwa. Kwa macho huwezi kujua ni kipi, hata daktari bingwa hawezi kuwa na uhakika mpaka CT scan (picha ya ndani ya kichwa) ipigwe, hilo likumbuke maana tutalihitaji mbele kwenye habari ya aspirini.

Najua kuna wanaosema kapigwa na upepo mbaya, katupiwa jini, karogwa na mwenye wivu na duka lake. Sitaki kugombana na imani ya mtu, somea dua, sali, ila usali mkiwa ndani ya gari mnaelekea hospitali. Yale masaa ya kwanza yakishaliwa na safari ya kwa mganga hayarudi, ubongo wa mtu mwenye mshipa mkubwa ulioziba unapoteza kama seli milioni 1.9 kwa kila dakika moja.

Namna ya kumpima mtu hapo hapo alipo

Neno la kushika ni GHAFLA. Kiharusi hakiji taratibu kwa wiki mbili, kinakuja mtu akiwa anakunywa chai, anafunga vifungo vya shati, anaongea na simu. Na mara nyingi hakiumi, hapo ndo kinapotuponza, maana sisi tumezoea ugonjwa ni maumivu, mtu mkono umekufa ganzi anasema ngoja nijilaze kidogo utaachia.

Shika maneno manne: uso, mkono, maneno, muda.

Uso. Mwambie acheke aonyeshe meno yote. Angalia pembe mbili za mdomo, upande mmoja unapanda mwingine umebaki pale pale au umeshuka, mate yanachuruzika, akinywa maji yaliyokuwa mkononi mwake yanamwagikia upande huo. Kuna ugonjwa mwingine wa mshipa wa fahamu wa usoni ambao nao unapeleka mdomo pembeni, usijipe kazi ya kuvitofautisha, hiyo ni kazi ya daktari.

Mkono. Anyooshe mikono yote miwili mbele yake, viganja viangalie juu, afumbe macho, we hesabu taratibu mpaka kumi. Usiangalie tuu kama anaweza kuinua, wengi wanaweza. Angalia mkono mmoja kama unaanza kushuka polepole huku kiganja kinajigeuza kuangalia chini, na mwenyewe ukimuuliza anakwambia mbona iko sawa. Hiyo ni dalili kamili hata kama mtu anashika kikombe. Mguu nao ni hivyo hivyo, utaona anauburuza au kandambili inamvuka bila yeye kujua.

Maneno. Mwambie arudie sentensi anayoijua tangu shule, mfano haba na haba hujaza kibaba. Kila mtu anaijua kwahiyo akishindwa sio kwamba kasahau, ulimi umekuwa mzito. Wengine ulimi uko sawa ila maneno yanatoka mengine kabisa, anataka kusema kijiko anasema ng'ombe, au unamwambia fumba macho anakukodolea tuu haelewi. Nimeshasikia watu wazima wakidhaniwa wamelewa, na mama mmoja mwanae alidhani amemnunia.

Muda. Angalia saa na uandike. Na hapa watu wengi wanateleza, saa inayotakiwa hospitali sio saa uliyomkuta, ni saa ya mwisho alipoonekana mzima. Kama baba kaingia kulala saa nne usiku akiwa vizuri, mkamkuta saa kumi na mbili asubuhi mdomo umeenda upande, hesabu inaanzia saa nne usiku. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inatolewa ndani ya masaa 4 na nusu tangu dalili zianze, sio hospitali nyingi kwetu zinayo lakini hata pasipo hiyo dawa kufika mapema kunaokoa, wanacheki sukari, wanaangalia kama anaweza kumeza, wanasimamia presha, wanajua ni damu imevuja au mshipa umeziba.

Dalili moja tuu kati ya hizo inatosha. Usisubiri zitimie.

Zipo na zingine za ghafla za kuogopa, jicho moja kutoona kama mtu kashusha pazia, kuona vitu viwili viwili, kizunguzungu cha kushindwa kusimama wima pamoja na kutapika, kuchanganyikiwa, na kichwa kuuma kwa nguvu ambayo mtu hajawahi kuipata maishani, hicho cha mwisho kinaweza kuwa mshipa umepasuka.

Na sio wazee tuu. Mtoto mwenye selimundu (siko seli) anaweza kupata kiharusi akiwa darasa la kwanza, kwahiyo mtoto wa selimundu akianza ghafla kuburuza mguu au kushindwa kushika penseli msimcharaze kwamba anaandika vibaya, ni hospitali siku hiyo hiyo. Mama aliyepata kifafa cha mimba au presha ya ujauzito nae yuko kwenye hatari zaidi miaka ya mbele, hata kama presha ilishuka baada ya kujifungua, apime kila mwaka.

Ikija ikapotea yenyewe

Hapa nataka nikae kidogo kwasababu hapa ndo tunapoteza watu wengi ambao wangeweza kuokolewa kirahisi.

Kuna mzee flani wa dukani alinisimulia akiwa kitandani kwangu kwenye mazoezi, asubuhi kikombe cha chai kilimdondoka, akajaribu kukiokota vidole havikamati, mkewe akamuuliza kitu akajibu maneno hayaeleweki, wakaanza kutafuta usafiri, kabla bajaji haijafika mkono ukarudi, ulimi ukarudi, akacheka akasema nimechoka tuu, akaenda zake kufungua duka. Siku ya tatu ndo kikaja chenyewe, na safari hii hakikuondoka.

Ile ya kwanza inaitwa kiharusi cha muda mfupi. Mshipa uliziba ukazibuka. Mara nyingi inaisha ndani ya saa moja. Watu wanaichukulia kama nafuu na ndo kwanza hatari imefika mlangoni, maana hatari ya kiharusi kamili iko juu sana siku chache zinazofuata, hasa masaa 48 ya mwanzo. Kwahiyo dalili zikipotea safari ya hospitali haiahirishwi, bajaji ikifika pandeni. Ukifika usiseme "alikuwa anaumwa kidogo", sema wazi: mkono wa kulia ulikufa na akashindwa kuongea kwa dakika kama ishirini, leo asubuhi. Ukisema hivo daktari anajua anatafuta nini, ukisema kizunguzungu utapewa panadol.

Ufanye nini, na usifanye nini

Tafuta gari. Gari dogo la jirani ni bora kuliko bodaboda, mtu mwenye upande mmoja umelegea hawezi kujishikilia, mtamuangusha. Kama amelegea au anatapika mlaze kwa ubavu ili asipaliwe na matapishi. Kama ana sukari na mnayo mashine ya kupimia mpime, sukari ikishuka sana inaweza kuigiza kiharusi kila kitu. Beba dawa zake zote anazotumia, sio majina, dawa zenyewe kwenye mfuko.

Na ujue tangu leo, sio siku hiyo, hospitali gani karibu yako ina CT scan inayofanya kazi usiku. Muhimbili, Bugando, KCMC watu wanazijua, lakini miaka ya karibuni hospitali nyingi za rufaa za mikoa nazo zimewekewa mashine hiyo, uliza. Kupita zahanati mbili tatu kabla ya kufika kwenye CT ndo masaa yanapoishia.

Sasa makatazo. Usimpe chakula wala maji, hata kijiko kimoja cha uji, kumeza kunaweza kuwa kumeharibika na kile kitu kikaenda kwenye mapafu, akafa kwa nimonia wiki inayofuata mkadhani ni kiharusi. Usimpe aspirini, hata kama umesoma inasaidia, maana inasaidia cha kuziba, kama ni mshipa umepasuka unaongezea kuvuja, na nilishasema kwa macho hujui. Usimwekee kidonge cha presha chini ya ulimi ishuke haraka, presha ikiporomoka ghafla damu inayofika kwenye ubongo inapungua zaidi, hiyo waachie hospitali. Alafu ile meseji inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kwamba mtoboe vidole vyote kumi na sindano mpaka damu itoke, na masikio pia, jamani ifuteni, haisaidii kitu na inakula muda.

Ile nyingine ya kuoga, kwamba ukianza kumwagia maji kichwani unapata kiharusi, anza na miguu, nayo haina ushahidi. Watu wengi wanakutwa wameanguka bafuni kwasababu viharusi ni vingi zaidi asubuhi, presha huwa inapanda mtu akiamka, na asubuhi wote tuko bafuni. Oga unavyotaka, ila pima presha.

Sasa kisirudi

Mtu aliyepata kiharusi yuko kwenye hatari kubwa ya kupata kingine kuliko mtu ambaye hajawahi, Marekani karibu 1 kati ya 4 ya viharusi vyote vinampata mtu ambaye alishapata huko nyuma. Hilo lisikukatishe tamaa, maana cha pili kina kitu ambacho cha kwanza hakikuwa nacho, umeshajua kinapita mlango gani.

Kwahiyo kabla hamjaruhusiwa muulize daktari mambo mawili tuu: kilikuwa cha kuziba au cha kupasuka, na kilisababishwa na nini. Usione aibu, ni haki yako. Jibu liandikwe, na picha ya CT na ripoti yake viweke kwenye bahasha moja isiyokaa chini ya godoro. Familia nyingi nazokutana nazo hazijui jibu, mgonjwa anameza aspirini kwa kusikia kwa jirani na kumbe yeye alivuja damu.

Presha ndo habari yenyewe. Ukiniambia nichague kitu kimoja tuu katika yote haya nitachagua hicho bila kufikiria mara mbili. Utafiti mkubwa uliotoka mwaka 2001 kwa watu waliokwisha kupata kiharusi ulionyesha dawa za presha zilipunguza kujirudia kwa asilimia 28, na hiyo ni pamoja na watu ambao presha yao haikuwa juu sana. Lengo kwa walio wengi waliopita kiharusi ni kuwa chini ya 130 kwa 80, daktari atakwambia lako.

Kupima nyumbani kuna namna yake, sio kumfunga mtu mashine akitoka kupanda ngazi. Aende haja ndogo kwanza. Akae kwenye kiti chenye egemeo, miguu yote chini asikunje nne, dakika tano bila kuongea, bila kahawa wala sigara nusu saa kabla. Mkono uwe wazi sio juu ya sweta, uwe umelala mezani usawa wa moyo. Pima mara mbili, mwachie dakika moja katikati, andika zote mbili kwenye daftari na tarehe na saa. Mashine ya mkono wa juu ni bora kuliko ya kifundo cha mkono. Daftari hilo ndo uende nalo kliniki, linamsaidia daktari kuliko kumwambia "huwa iko kawaida tuu".

Kwanini watu wanaacha dawa? Nimewauliza wengi. Wa kwanza anasema nilipima nikaambiwa 120 kwa 80 nikajua nimepona, kumbe imeshuka kwasababu anameza, akiacha inapanda kimya kimya, presha haina kengele. Wa pili anasema zinaua figo, wakati kinachoua figo ni hiyo presha yenyewe. Wa tatu kuna kitu kilimkera akanyamaza: miguu ilivimba akaacha (amlodipini inaweza kufanya hivo), alikuwa anakohoa kikohozi kikavu usiku kucha (dawa za kundi la kaptopirili na enalaprili zinajulikana kwa hilo), au nguvu za kiume zilipungua akaona aibu kusema mbele ya nesi wa kike. Yote hayo yana njia mbadala, unarudi unasema unabadilishiwa, kikohozi kwa mfano mara nyingi kinaisha ukihamishiwa losatani. Wa nne ni hela, na huyu namuelewa kabisa, ila mwambie daktari ukweli kwamba hizi siwezi kununua kila mwezi, zipo za bei nafuu zinazofanya kazi, kuliko kununua ya gharama mwezi mmoja na kukaa miwili bila kitu.

Huwa nawaambia habari ya Franklin Roosevelt, rais wa Marekani, presha yake ilikuwa juu kwa miaka na madaktari wake walikuwa wanaiona inapanda, akafa kwa mshipa wa ubongo kupasuka tarehe 12 Aprili 1945. Enzi hizo dawa ya maana ya presha haikuwepo hata kwa mtu mwenye cheo kile. Leo iko kwenye famasi ya mtaani kwenu.

Mwezi wa Ramadhani usiamue peke yako. Muone daktari kabla mwezi haujaandama, dawa nyingi za mara moja kwa siku zinahamishika kwenda futari au daku, ila mtu wa sukari anayechoma insulini au aliyepata kiharusi juzi juzi inabidi aambiwe wazi kama anaruhusiwa kufunga.

Kingine, dawa za maumivu. Mgonjwa wa kiharusi bega linamuuma, anakimbilia diklofenaki kila siku kwasababu ni rahisi, na ile inapandisha presha. Uliza kwanza. Na vidonge vya uzazi wa mpango vyenye vichocheo viwili sio vya mwanamke mwenye presha ya juu au aliyewahi kupata kiharusi, njia zingine zipo.

Kwa waliopata cha kuziba, mara nyingi wataongezewa aspirini ndogo au klopidogreli na dawa ya kushusha mafuta kwenye damu, ni za kila siku na zina maana yake hata kama hujisikii tofauti. Wengine sababu ni moyo kupiga bila mpangilio, damu inaganda ndani ya moyo alafu inarushwa kwenye ubongo, na huku kwetu wapo vijana wenye valvu (milango ya moyo) zilizoharibika tangu utotoni. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono chini ya kidole gumba, sikiliza dakika nzima, kama mapigo yanaruka ruka hovyo omba kipimo cha moyo. Anayepewa wafarini (dawa ya kuzuia damu isigande) lazima apime damu mara kwa mara, INR yake (kipimo cha damu inavyoganda) kwa wengi inatakiwa iwe kati ya 2 na 3, mchicha na kisamvu ale kwa kiasi kile kile wiki hadi wiki, na asichanganye na dawa za mitishamba au vidonge vya kitunguu saumu, atavuja damu.

Jikoni, chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi gramu 5 kwa siku, ni kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, kwa vyakula vyote. Sasa hesabu mchuzi, ng'onda, kile kiungo cha pakiti, soseji, mkate, na ile chumvi inayonyunyizwa juu ya chipsi. Msimpikie mgonjwa sufuria yake pembeni, atajiona ametengwa na ataiba ya kwenu, punguzeni nyumba nzima, ongezeni ndimu, tangawizi, pilipili, baada ya wiki chache ulimi unazoea. Kopo la chumvi litoke mezani.

Sigara iache yote. Pombe vile vile ukiweza, na isiwe ya kulewa hata mara moja. Sukari ifuatiliwe. Kutembea nusu saa siku nyingi za wiki, na kama mguu bado mzito basi dakika kumi asubuhi na kumi jioni uwanjani na mtu pembeni yake, upande ule dhaifu, bila kumvuta mkono maana bega linachomoka.

Mwangalieni na roho yake pia, mtu anayekataa kula, halali, halii wala hacheki, huyo sio mvivu wa mazoezi, huzuni baada ya kiharusi ni ugonjwa na inatibika, na akiwa humo dawa za presha hazimezi.

Na siku ya kumpeleka kliniki, wewe uliyemsindikiza usikae kwenye benchi unachezea simu. Mnakula sufuria moja na damu ni moja, kunja mkono wa shati na wewe upimwe presha hapo hapo, kama imefika 140 kwa 90 usiibishie, omba kurudiwa siku nyingine na uanze daftari lako.